Nyuzi Zilizozikwa Mlangoni

Mume wangu alikuwa mvivu. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana siku hizi wanakuja watu kutoka Jodhpur na kutoka ng'ambo na mashine zao za kunasa sauti, wanakaa kwenye kitanda changu cha kamba, wanakunywa chai yangu, halafu wananiuliza eti marehemu alizaliwa na kipaji? Hakuzaliwa na kipaji chochote. Alizaliwa na usingizi.

Akiwa hai sikuwahi kulitaja jina lake. Sisi wanawake wa Ranasar hatutaji majina ya waume zetu, tunaogopa kuwapunguzia umri, kwa hiyo nilimwita Baba Kheta, kwa jina la mwanetu. Sasa amelala mchangani nyuma ya mti wa khejri na umri wake umekwisha, sidhani nitamdhuru. Aliitwa Sumar Khan, mwana wa Hamal Khan, wapiga kamaicha tangu enzi za mababu.

Kazi ya watu wetu ni kuwaimbia Warajputi, mabwana wa ardhi. Kila ukoo wetu una nyumba zake za kuimbia, tumerithishana kama wengine wanavyorithishana visima. Nyumba ikizaa tunaimba, ikiozesha tunaimba, ikifiwa tunaimba, nao hutupa nafaka na mbuzi na heshima yetu. Na kila nyumba ina wimbo wake wa uzazi. Ndani yake mna majina ya mababu wa nyumba ile peke yake, na mwisho kabisa ndipo panapoitwa jina la mtoto aliyezaliwa. Mtoto ambaye hajaimbiwa, kwetu, ni kama hajafika bado. Mwimbaji wa ukoo mwingine hawezi kuuimba wimbo huo. Kwanza haujui, pili hana haki nao.

Kamaicha yenyewe ni zeze lenye tumbo la duara, gogo la mwembe lililochongwa likawambwa ngozi ya mbuzi. Juu kuna nyuzi nene za utumbo, hizo ndizo zinazopigwa kwa upinde. Chini yake kuna nyuzi nyembamba za chuma ambazo hakuna anayezigusa. Kazi yake ni kuitikia. Ukipiga sauti iliyo sawasawa na ya uzi mmojawapo, uzi huo unatetemeka wenyewe na kuimba pamoja nawe. Ukikosea hata kidogo, unakaa kimya.

Kamaicha ya baba mkwe wangu, Mzee Hamal, haikuwa na nyuzi za kuitikia. Ilikuwa na vigingi vitupu tu, vimejipanga ubavuni kama ufizi wa kikongwe.

Alizizika mwaka uleule nilioletwa kwake kama bibi harusi. Mke wa Thakur, yaani bwana wa kijiji, mwenye nyumba kubwa ya mawe ya manjano, alikuwa na uchungu wa kuzaa, na Mzee Hamal akaenda kukaa nje ya mlango na kamaicha yake kusubiri, kama ilivyo desturi. Alirudi jioni kichwa wazi. Mzee wa heshima zake, kichwa wazi mbele ya mkwe mgeni, nilijifunika uso kwa aibu. Kilemba chake na nyuzi zake zote alikuwa amevifukia mlangoni kwa Thakur. Sisi tuna haki moja tu juu ya mabwana zetu, nayo ni hiyo. Mwimbaji akitendewa jambo lisilovumilika, anafungua nyuzi, anavua kilemba, anavizika mlangoni, na kuanzia hapo nyumba ile imepewa talaka. Hakuna mwimbaji wa ukoo wowote atakayeimba hapo, iwe harusi iwe msiba, wala sisi hatukanyagi tena mbele ya mlango huo, mpaka mkono wa mtu wa nyumba ileile uzifukue nyuzi na kuzirudisha.

Kwa nini aliwapa talaka? Hakusema. Watu walidai alipewa ngamia kilema akaona amedharauliwa. Kuhusu mtoto tuliambiwa hapakuwa na mtoto, mimba iliharibika. Mimi nilikuwa msichana wa kuchekacheka, nikaicheka hadithi ya ngamia na wenzangu kisimani. Baadaye mzee alifunga nyuzi nene mpya ili aziimbie nyumba zetu nyingine, lakini zile za kuitikia hakuziweka tena. Akiulizwa zimekwenda wapi, alijibu kwamba ameziacha kwa mtu.

Mume wangu basi ndiye aliyetakiwa kurithi hayo yote. Alikuwa na sauti tamu na mizaha mingi, na kwenye harusi hivyo viwili vilimtosha. Upinde aliushika siku ya shughuli tu. Akikosea alimtania bwana harusi, watu wakavunjika mbavu, kosa likapita. Baba yake alipiga kila alfajiri, kuwe na vumbi kuwe na baridi, na mwanawe akajifunika blanketi hadi utosini na kusema kwamba nyumba moja haihitaji watu wawili wenye bidii.

Halafu mzee akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na nusu ya mdomo. Alilala uani akitutazama kwa jicho moja, na ile siku ya mwisho alimkamata mwanawe kwa mkono mzima, maneno yakamtoka moja moja.

"Wimbo wa uzazi wa nyumba ya Thakur. Uupige pale mlangoni, kabla mama yule hajafa." Akapumzika kidogo. "Usipoupiga, sitalala."

Mume wangu akalia, akaapa kwa jina la Mungu. Tuliporudi makaburini akaja kukaa karibu nami, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba wimbo wenyewe haujui. Baba yake hakuupiga tena tangu siku ile ya kuzika nyuzi, na kabla ya hapo yeye alikuwa amelala. Mama mkwe, ambaye angeukumbuka, alikwishatangulia zamani. Duniani hapakuwa na mtu mwingine mwenye wimbo ule.

"Kwa hiyo umeapa kumpelekea mtu kitu ambacho huna, kwenye mlango usioweza kuukanyaga," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo, Mama Kheta."

"Na huyo mama ana umri gani sasa?"

Mke wa Thakur, ambaye kijiji kizima kilimwita Maji-sa, yaani mama mheshimiwa, alikuwa ameshafiwa na mumewe, ameshakuwa bibi, na habari alizotuletea mtumishi wake kisimani zilikuwa za kifua na homa isiyoshuka. Thakur wa sasa alikuwa mwanawe, Guman Singh, mtu wa masharubu makubwa.

Basi nikampangia mume wangu mazoezi, maana yeye asingejipangia. Kabla ya adhana namvuta blanketi. Akimaliza kuswali anakuta nimeshaipasha ngozi ya kamaicha karibu na makaa, kwa sababu baridi ya jangwani huilegeza ikaanza kukoroma. Anakaa ukutani alipokuwa akikaa baba yake, palepale ambapo kisigino cha mzee kilikuwa kimechimba kishimo. Kwanza upinde kwenye uzi mmoja, polepole, mpaka sauti iache kuyumba. Kisha nyimbo za baba yake alizozijua, zilezile, kwa mpangilio uleule. Mwisho kabisa, kuutafuta ule wimbo. Chai ni baada ya hayo. Siku aliyochelewa kuamka hapakuwa na chai wala mkate wa uwele, na nililitangaza hilo mbele ya dada zake ili asipate pa kukimbilia. Alininunia kweli. Vidole vilimchubuka, akanionyesha kimoja kimoja kama mtoto, nami nikavipaka samli nikamrudisha ukutani.

Sauti ilikuwa mbaya, nisidanganye mtu. Mbuzi walihamia upande wa pili wa ua. Jirani yetu Bachal alikuja kuuliza, kwa adabu zote, kama tuna mnyama mgonjwa na kama anaweza kutusaidia kumchinja.

Lakini mwili ni kitu cha ajabu, ukishazoeshwa unadai wenyewe. Baridi ilipokwisha akawa anaamka kabla sijalishika blanketi. Na asubuhi moja, akiutafuta wimbo kwa kubahatisha, alipiga sauti fulani akainua upinde, nayo sauti haikukoma. Ilibaki uani, nyembamba, ya chuma, kwa muda wa mtu kumeza mate, ndipo ikafifia. Nilikuwa nakanda unga. Sauti ile naijua tangu tumboni mwa mama yangu. Ilikuwa sauti ya uzi wa kuitikia.

Tukavitazama vigingi. Vilikuwa vitupu.

Nikamwambia apige tena. Akapiga sauti ileile, ikaitikiwa. Akapiga ya pembeni yake, kimya. Akarudi kwenye ile ya kwanza, ikaitikiwa. Nikaenda nikaweka kiganja kwenye ngozi ya kamaicha. Upinde ulikuwa juu, mikono ya mume wangu ilikuwa mbali, na ngozi ilikuwa inapanda na kushuka chini ya kiganja changu kama ubavu wa mbuzi aliyelala. Nikautoa mkono upesi. Unga ulikuwa umenigandia vidoleni.

"Ni Baba," mume wangu akasema. Machozi yalimlengalenga. "Ananifundisha."

Tangu siku hiyo hakunihitaji mimi wala chai yangu. Alimaliza upinde mtupu, akamaliza nyimbo za kawaida, akaingia kwenye wimbo akianzia pale alipoitikiwa jana. Alijaribu sauti moja, kimya. Nyingine, kimya. Nyingine tena, na uzi usiokuwepo ukalia, naye akaichukua sauti hiyo na kuishona na zile za nyuma. Kuna siku alipata sauti moja tu, na kuna siku hakupata kitu akarudi kesho yake. Maneno hayakumsumbua, majina ya mababu wa nyumba ile tunayajua sote. Kilichokuwa kimepotea ni njia ya kuyapitishia. Kidogo kidogo njia ikaonekana, na ilikuwa nzuri mno, ilipanda taratibu na kushuka taratibu, mpaka nilijikuta nimesimama na jungu mkononi nimesahau nilikuwa naenda wapi.

Mwenyewe akabadilika. Kwenye harusi ya nyumba yetu nyingine, kule Devra, alipiga bila kumtania mtu yeyote, na hakuna aliyecheka. Mjomba wa bibi harusi alilia mpaka akatolewa nje. Watu wakaanza kusema kwamba mkono wa Hamal Khan umemrudia mwanawe, na mimi nikafurahi kwa muda mfupi tu. Maana nyumbani alikuwa haongei. Alikuwa anatafuna mkate huku ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Nikimwita haitiki. Usiku nikigeuka namkuta amelala macho wazi, vidole vinatembea kwenye mbavu zangu kama ndizo nyuzi. Nilimwogopa mume wangu, nalisema wazi, mtu niliyezoea kumfokea.

Asubuhi moja akaja kunywa chai.

"Leo ameitikia kabla sijapiga," akasema.

"Anaitikia vipi kabla hujapiga?"

"Nilikuwa naiwaza tu sauti. Ikalia." Akaweka kikombe chini. "Ana haraka, Mama Kheta. Baba hakuwa mtu wa haraka."

Wakati huo wimbo ulikuwa umebakiza mahali pamoja. Pale mwisho, panapoitwa jina la mtoto. Alifika hapo kila alfajiri na kila sauti aliyoijaribu ilikufa. Alijaribu za juu, alijaribu za chini, alijaribu majina ya wanaume wote wa nyumba ile. Kimya. Na kisimani mtumishi akatuambia kwamba Maji-sa hali tena chakula, na kwamba akili imemruka, hataki kulala ndani. Mwanamke aliyeishi miaka yake yote nyuma ya pazia sasa ametandikiwa mkeka mlangoni, nje kabisa, mbele za watu, na mwanawe anaona haya mpaka hatoki.

Nilimwambia mume wangu. Kesho yake alfajiri akaanza kupiga pale mwisho pekee, tena na tena, akikosea, akirudia, akikosea, na mimi nikaona kwamba mama yule atakufa, na kiapo kitabaki, na mume wangu atakaa ukutani hapo mpaka aishe. Nikaweka jungu chini nikatoka uani. Nilitaka tu kuwa mbali na zile sauti.

Nje ya ua ndipo nilipong'amua jambo. Uani siku zote nilidhani mwitikio unatoka kwenye kamaicha. Mume wangu alikuwa amerudia wimbo tangu mwanzo, na kamaicha ilikuwa nyuma yangu, lakini ile sauti ya chuma ilikuwa mbele. Nikaifuata. Nikapita kisima, nikapita zizi la ngamia, kamaicha ikazidi kufifia na ile nyingine ikazidi kunenepa, mpaka nikajikuta mahali ambapo mtu wa ukoo wetu hakanyagi, mbele ya mlango wa Thakur. Nikavua viatu kwa woga.

Maji-sa alikuwa amelala kwenye mkeka wake, kiganja amekilaza juu ya ardhi, chini kidogo ya kizingiti. Alikuwa mifupa mitupu.

"Mkwe wa Hamal," akasema bila kugeuka. "Na wewe unasikia?"

"Nasikia nyuzi, Maji-sa."

"Nyuzi ni za Hamal. Anayeimba si Hamal."

Nywele zilinisimama. Nikakaa chini. Akanieleza kwa pumzi fupifupi, na mimi nitaeleza kwa ufupi pia, kwa sababu sipendi maneno haya yakae mdomoni. Mtoto alizaliwa. Alizaliwa hai, wa kike, akalia kwa nguvu. Katika nyumba ile, enzi zile, binti alihesabiwa hasara, na bibi yake akamchukua kutoka mikononi mwa mama akatoka naye. Walichomfanyia mtoto, Maji-sa hakukisema na mimi sikumuuliza. Wanaume wakamwendea Mzee Hamal nje wakamwambia arudi nyumbani, hakuna mtoto. Akasema amemsikia akilia. Wakamwambia ni mbuzi. Akasema yeye ni mtu wa sauti, anajua mbuzi na anajua mtoto. Wakamfukuza kwa fimbo. Alipotoka aliona udongo mbichi mlangoni, umekanyagwakanyagwa, na hapo ndipo alipopiga magoti akafungua nyuzi moja baada ya nyingine, akazilaza juu ya udongo ule, akazifunika kwa kilemba chake na kufukia.

"Akasema kwa sauti kubwa ili nimsikie huku ndani," Maji-sa akaniambia. "Alisema, mtoto huyu ataimbiwa."

Basi hakukuwa na ngamia. Na aliyekuwa akimfundisha mume wangu alfajiri zote zile hakuwa baba yake. Nilikaa pale nikasikia wimbo unakuja kutoka kwetu, dhaifu, ukapanda, ukashuka, ukafika mwisho na kusimama, na chini ya udongo kukawa kimya, kimya cha mtu anayengoja.

"Aliitwa nani?" nikauliza.

"Hakupewa jina."

"Wewe ulimwita nani, mama yangu?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilimwita mara moja, moyoni. Mlete mumeo nimwambie."

Nikamkumbusha kwamba mume wangu hawezi kupiga hapa, nyuzi ziko chini, na mkono wa kuzitoa lazima uwe wa nyumba yake. Wakati huohuo Guman Singh akatoka ndani, amesikia sauti ya mwanamke mgeni, akaanza kunifokea nina kazi gani mlangoni kwake. Mama yake akamwambia alete jembe. Yeye akamwagiza mtumishi. Mama akasema hapana, mkono wako. Mwanawe alimbembeleza kama mtu anavyombembeleza mgonjwa, eti mama, hapo hapana kitu, hapo ni mchanga tu. Maji-sa akarudia neno moja tu, chimba, akalirudia mpaka mwanaume yule akapandisha mikono ya kanzu yake akachimba, kwa hasira, ili yaishe.

Hakuchimba sana. Kilemba kilikuwa kimeshakuwa udongo, kimebaki kama utando wa buibui. Nyuzi za utumbo hazikuwepo. Zile za chuma zilikuwepo zote, hazina hata chembe ya kutu, zinang'aa kana kwamba zimetoka dukani Jaisalmer asubuhi hiyo. Alipoziinua zilikuwa zinatetemeka. Nilimwona anajitahidi asizitupe. Kisha akaona udongo wa chini ni laini, akashika jembe tena aendelee kuangalia kuna nini kingine.

"Basi," mama yake akasema. "Usiende chini zaidi."

"Kwani chini kuna nini?"

"Dada yako."

Jembe likamponyoka. Alikuwa na mguu mmoja ndani ya shimo. Nilimwona akiutazama mguu wake, na nadhani alikuwa anakumbuka. Pale alipita akiwa mtoto akicheza, pale farasi wake alipita siku ya harusi yake, pale jeneza la baba yake lilipita. Akashuka kwa mikono na magoti, akautoa mguu polepole mno, kama mtu anayetoka chumba chenye mtoto aliyelala, kisha akavua kilemba chake akakiweka pembeni na kukaa mchangani kichwa wazi.

Nilikimbia kumwita mume wangu. Zile nyuzi zilipoingia kwenye vigingi vyake zilikuwa zimeshalingana sauti, hakuzungusha kigingi hata kimoja. Jua lilikuwa limeshapanda na watu wamejaa juu ya mapaa, hakuna aliyethubutu kusogea. Mume wangu akaketi mbele ya shimo. Upinde aliuweka kwenye uzi wa kwanza kama alivyouweka kila alfajiri, polepole, mpaka sauti ikaacha kuyumba, ndipo akaingia kwenye wimbo.

Aliupiga wote. Mababu wakapita mmoja mmoja, wenye farasi na wenye visima, hadi baba mwenyewe wa mtoto, na jina hilo nalo alilitaja bila kulimung'unya. Akafika mwisho akasimama. Maji-sa akajiinua kwa viwiko.

"Jatan," akasema. "Jatan Kanwar."

Mume wangu akaliimba jina lile. Nyuzi zote zikaitikia kwa pamoja, na alipoteremsha upinde ziliendelea, na ndani ya sauti ile kukatoka sauti nyingine, fupi, kutoka shimoni. Wapo waliokuwa juu ya mapaa ambao mpaka leo wanasema alikuwa mbuzi. Mimi sisemi mbuzi. Guman Singh alikuwa karibu kuliko sisi sote, naye aliinama akafunika lile shimo kwa mikono yake miwili, akilia, akisema nyamaza, nyamaza, nipo.

Maji-sa alikubali kulazwa ndani mchana huo, na ndani ndimo alimofia, kabla wiki haijaisha. Tulimwimbia.

Nyuzi ziko kwenye kamaicha hadi leo, na tangu siku ile zinaitikia kama nyuzi nyingine zozote, mtu akipiga. Mume wangu hakuacha. Kila alfajiri, mpaka ile aliyofia, aliamka mwenyewe, akakaa ukutani, upinde mtupu kwanza, kisha nyimbo za baba yake. Wageni walipomuuliza bidii ile aliitoa wapi, alijibu kwamba mkewe alimnyima chai, nao wakacheka na kuandika. Walipomwomba ule wimbo wa uzazi aliwaambia hauuzwi wala haunaswi, akawapigia mwingine.

Kwa Thakur walitoboa ukuta wa ubavuni, na huko ndiko kila mtu anakoingilia sasa, hata bibi harusi, hata jeneza. Mgeni akiuliza kwa nini asipite mbele, Guman Singh mwenyewe humshika mkono akamzungusha. Humwambia kwamba mlango ule ni wa dada yake.